Usilikaze Likining'inia

Aliogopa vyura, huyo Fundi. Naanza hapo hapo, maana mkishalijua hilo mmeshamjua nusu. Mwanaume mzima, kifua kama mlango wa ghala, anabeba gia boksi begani kama mimi ninavyobeba mjukuu, lakini chura, hapana! Gereji yake ya Makambako ilikuwa na shimo, lile la fundi kuingia gari likiwa juu yake. Masika maji yanatuama chini, vyura wanahamia na familia zao. Basi kila asubuhi kabla hajashuka anachukua fito ndefu, anachokonoa pembe zote nne, "Shu, tokeni, shu," mpaka aridhike. Siku moja mmoja alikuwa amejificha, akamrukia kifuani. Wee! Nilimwona kwa macho yangu anatoka shimoni bila kukanyaga ngazi.

Nikamwambia, "Fundi, kachura hako kangekufanya nini?"

"Hakawezi kunifanya kitu, Mama Lameki."

"Sasa?"

"Kanaruka bila kutoa taarifa."

Nilicheka mpaka kitenge kikanifunguka mbele za watu.

Mkimaliza kucheka niwaambie na la kweli. Miaka yote hiyo uhai wa mwanangu ulikuwa chini ya spana ya huyo mtu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinunua pikapu ikiwa imeshazeeka, akaizeesha zaidi, akafa akatuachia. Nilizaa watoto wanne. Aliyebaki ni Lameki peke yake, na Lameki ndiye dereva. Kila juma anatoka hapa kwetu mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, anapakia mbolea, anashika njia ya Ludewa mpaka Mawengi, anarudi na viazi. Mnaoipita ile njia sina haja ya kuwaambia. Kona inazaa kona. Ukungu umekaa katikati ya barabara kama ng'ombe. Huku mlima, huku hakuna kitu, unachungulia unaona vichwa vya miti chini yako! Siku za safari mimi nashika rozari tangu asubuhi, na Mama Maria anisamehe, nusu ya rozari naisalia magurudumu ya mbele.

Mnauliza kwa nini ya mbele. Huyo huyo Fundi ndiye aliyenifundisha kuogopa, na akishakufundisha huwezi kusahau. Alinichuchumaza chini ya pikapu, mimi mtu mzima, akanionyesha. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na vyuma viwili, kimoja juu, kimoja chini, kama unavyomshika mtoto kwapani asidondoke. Madukani vina majina yake ya Kizungu. Yeye aliviita mikono. "Mkono ukichoka," akaniambia, "gurudumu linaanza kucheza ngoma. Mkono ukiachia, gurudumu linalala, na gari linakwenda linakotaka lenyewe."

"Na dereva?"

"Dereva anabaki ameshika usukani kama ameshika sahani."

Sikula mchana ule.

Alikuwa na neno lake moja, hilo alilirudia mpaka wateja wakalijua kwa moyo. "Injini ikifa, gari linasimama, mnashuka mnapiga soga. Mbele pakifa, hamshuki." Mafundi wengine ukichukua gari lako wanakupigia na saluti, "Mama, nenda, limekuwa jipya!" Yeye hajawahi kuniambia limekuwa jipya. Anafuta mikono kwa tambara, anatazama pembeni, anasema, "Nendeni. Likilia, rudini." Basi. Watu walimwona mkorofi. Mimi nilimwona ndiye fundi pekee Makambako nzima anayeogopa kama mimi, na mtu anayeogopa kama wewe unampa mwanao.

Masikio sasa! Ukimpelekea gari hafungui boneti. Anamwambia Lameki aendeshe taratibu kwenye mashimo ya pale nje, yeye anatembea ubavuni, kichwa amekiinamisha kama hakimu anayesikiliza uongo. Upepo wa Makambako mnaujua unavyovuma, unabeba hata salamu, mtu akikuamkia kamwene inamfikia mwingine. Yeye anasikia. Anapunga mkono, simama. "Imelia ko. Haijalia ko-ko." Eti ko moja ni mpira wa ndani ya mkono umechoka, na ko-ko ni kile kichwa cha mkono kinachozunguka. Lameki anasema hasikii kitu. Fundi anamtazama, anasema, "Wewe unaendesha na redio, utasikiaje?" Na kweli, wakifungua, ni mpira.

Nami aliwahi kunipata, na Makambako hawajanisamehe mpaka leo. Siku hiyo mkono wa chini wa upande mmoja ulikuwa umekwisha, Lameki yuko chini anamsaidia kufungua, mimi ndiye mwenye miguu. Fundi akasema, "Mama Lameki, nenda dukani kaniletee mkono wa chini, wa kulia." Sasa mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kulia nakujua, si mkono wa kulia chakula? Nikasimama mbele ya pikapu, nimeitazama usoni, nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikashika taa. Nikajisemea, basi, ni huu. Nikaushika sana upande ule kichwani, njia nzima. Kufika dukani nikamwambia kijana wa duka, nataka mkono wa upande wenye taa iliyopasuka. Maana taa ile ilikuwa imepasuka, nami niliona hiyo alama ni nzuri kuliko kulia na kushoto. Yule kijana analijua gari letu. Akanipa.

Nikarudi nimekibeba kile chuma begani, natembea kwa maringo. Fundi akakipokea, akakigeuza, akakigeuza tena. Halafu akasema, "Mama Lameki, umemletea mgonjwa mguu wa jirani yake."

"Si umesema kulia?"

"Kulia kwa nani?"

"Kulia! Huku!" Nikamwonyesha.

"Huko ni kulia kwako wewe uliyesimama. Gari lina kulia kwake. Wewe ukimtazama mtu usoni, mkono wake wa kula uko wapi?"

Nikasimama nafikiri. Lameki kule chini anacheka mpaka anapigiza kichwa kwenye chuma. Nikarudi dukani. Na tangu siku hiyo, nikitumwa kitu cha gari, naingia dukani, nawapa mgongo wote, nashika usukani wa hewa hapo mbele ya kaunta, ndipo nasema, "Huku." Wanaacha kazi kuja kunitazama. Wacheke. Sijakosea tena.

Lakini sijawaambia kwa nini Fundi hakucheka siku ile. Aliniambia baadaye, tumekaa kwenye benchi lake tunakula viazi. Akasema kuna mafundi ukiwaletea mkono wa upande mwingine wanaulazimisha. Wanagonga nyundo, unaingia. "Unaingia, Mama Lameki. Hiyo ndiyo inayonitisha. Vitu vingi vibaya vinaingia."

Sasa nifike kwenye kukaza, maana hapo ndipo penye kisa.

Ndani ya kila mkono, pale unapoungana na gari, kuna mpira. Fundi akishafunga mkono mpya, gari bado limenyanyuliwa na jeki, magurudumu yananing'inia, yeye zile bolti anazizungusha kwa vidole tu. Hakazi. Unamwona anaziacha hivyo hivyo, zinalegea, mwenyewe mwenye gari unatoka jasho. Halafu analishusha gari, wanalisukuma juu ya shimo, linasimama kwa miguu yake lenyewe, ndipo anaingia chini na spana kubwa. "Usilikaze likining'inia," hilo lilikuwa la pili baada ya lile la injini. "Mpira unakumbuka mkao uliokaziwa. Ukiukaza gari likiwa hewani, unadhani maisha ni kuning'inia. Ukilishusha, unajipinda. Kila tuta unajipinda. Siku moja unachanika, na wewe uko kwenye kona."

Wengine wanaishia hapo, gari liko chini, wanakaza. Yeye anasema pikapu yetu ni ya mizigo, lazima ijisikie imebeba. Kwa hiyo anatoka shimoni, anasimama barabarani, anaita, "Akina mama! Uzito!"

Jamani, hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Wanakuja mama wa maandazi, mama wa mitumba, na mimi, tunapanda nyuma kwenye bodi, tunakaa juu ya magunia, na Fundi anatupanga kama kwaya. "Wanene mbele, karibu na dereva! Wewe mwembamba shuka, unanipotezea nafasi." Mama wa mitumba mwembamba kama ufagio, alikuwa ananuna kweli kweli. Mimi nawekwa katikati. Halafu Fundi anazama chini yetu na sauti yake inatoka kwenye mbao.

"Mama Lameki, umekaa?"

"Nimekaa!"

"Kaa sawasawa, usikae kama mgeni!"

Tunacheka, lakini wallahi mimi nacheka na huku nimekunja vidole vya miguu. Mtu mzima yuko chini yako, wewe na gari lote mko juu yake, na unasikia spana inalia kri, kri, kri. Nilikuwa nashusha pumzi polepole nisije nikamlalia.

Chuma hakuogopa. Hilo ndilo lililonishangaza siku zote. Atalala chini ya gari lililoshikwa na jeki ambayo mimi nisingeiamini kushika sufuria, lakini radi ikipiga anaingia ofisini anafunga mlango. Sindano ya hospitali inamlaza kabla haijamgusa. Na gari lenyewe hapandi! Fundi magari, hapandi gari. Kwake na gereji ni mwendo wa karibu saa nzima, anatembea. Mteja akimwambia, "Fundi, panda nikusogeze," anajibu, "Asante, najua kilichomo ndani." Kwa nini, sijui. Watu wana hadithi zao, mara hivi mara vile, mimi sisemi nisichokiona.

Na lingine. Mlutheri huyo, mzee wa kanisa, besi yake kwenye nyimbo inatikisa madirisha, wanasema. Lakini alikataa kabisa kuliombea gari. Niliwahi kumwambia, "Fundi, ukimaliza tusali kidogo, Lameki anashuka Mawengi kesho." Akanijibu, "Mama Lameki, sala ni ya watu. Nati ina spana yake." Nikamwambia nyie Walutheri mna kiburi. Akaniambia, "Na nyie Wakatoliki mnamchosha Mungu na mambo ya gereji." Tukaishia hapo.

Basi. Tulizeeka naye, gari nalo likazeeka, mikono ile tukaibadilisha mara nyingi kuliko nilivyobadilisha vitasa vya mlango. Ndipo nikaanza kuona vitu.

Cha kwanza aliniuliza, "Baba Lameki hajambo? Mbona haji?" Nikamtazama. Mume wangu alimzika yeye mwenyewe, alishika kamba ya jeneza. Nikadhani ni utani mbaya, nikamjibu kwa utani, nikasema, "Yupo, amelala." Akaitikia, "Mwambie namsalimu." Hakuwa anatania. Cha pili, anasimama katikati ya kazi, spana mkononi, anaitazama spana kama mtu aliyeokota ufunguo njiani hajui wa mlango gani. Dakika moja, halafu anarudi, anaendelea vizuri kabisa.

Nilijua. Mwanamke mzima, nimeuguza wazee, nitakosaje kujua? Sikusema kwa Lameki. Sikusema kwa mke wa Fundi. Nilijiambia, nikisema, watamzuia kazi, na wakimzuia, nani atashika mikono ya gari la mwanangu? Yule fundi wa gereji ya jirani anayegonga nyundo? Kwa hiyo nilinyamaza, na kila Lameki akipeleka gari mimi naenda naye, nakaa kwenye benchi, nahesabu kwa macho. Amefunga mkono. Amezungusha kwa vidole. Ameshusha. Ameita uzito. Amekaza. Nikiona amekaza narudi nyumbani na moyo wangu.

Mara ya mwisho mguu wangu ulivimba, sikwenda.

Lameki alikwenda peke yake. Aliporudi nikamuuliza, "Amekaza?"

"Mama, si ndiyo kazi yake?"

"Umemwona anakaza?"

"Nilikwenda kula. Nimerudi nimemkuta ananawa, akaniambia nendeni, likilia rudini."

Maneno yalikuwa yale yale, nikatulia. Kesho yake alfajiri Lameki akapakia mbolea akaondoka.

Jua limepanda kidogo, nimekaa nje nakanda mguu kwa maji ya chumvi, naona mtu anakuja kwenye njia yetu anashika ua, anaacha, anashika ua. Ni Fundi! Njombe! Hajawahi kukanyaga kwangu. Uso umekuwa kama majivu, ovaroli ameivaa juu ya suruali ya kanisani, spana kubwa iko mkononi.

"Fundi! Umekujaje?"

"Kwa kosta."

Nilipomsikia anasema kwa kosta, maji yalinimwagikia. Sikuuliza tena. Niliona huyu mtu kupanda gari, basi kuna aliyekufa au anayetaka kufa.

"Lameki yuko wapi?" akasema.

"Ameshuka Mawengi."

Akakaa chini. Si kwenye kigoda, chini, kwenye vumbi. Akasema, "Mama Lameki, jana nilifunga mikono miwili ya chini. Nikaikaza kwa vidole. Nakumbuka vidole. Nakumbuka nikasema nitamalizia likishuka." Akanionyesha mkono wake, ule wa kulia, wa kula. "Halafu nakumbuka nanawa. Katikati hapo hakuna kitu. Usiku kucha natafuta, hakuna kitu."

Ee Nguluvi, Mungu wangu! Nilipiga simu. Yule dada akaniambia namba unayopiga haipatikani. Nikapiga tena, nikamtukana yule dada. Naona mbele yangu zile bolti zinajizungusha zenyewe, kidogo kidogo, kila tuta, na Lameki anaimba na redio.

Jirani yetu ana teksi. Nilimwita kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo, akaja na mswaki mdomoni. "Twende njia ya Ludewa, baba, usiulize." Nikafungua mlango wa mbele, nikamwambia Fundi panda. Alisimama pale mlangoni. Nikamwona anataka kukimbia, nami ningemkimbilia na mguu wangu ule ule nikamrudisha kwa fimbo. Akapanda. Akafumba macho, akashika dashibodi kwa mikono miwili, na hajayafumbua mpaka tumefika mbali.

Niwaambie kitu cha ajabu. Hapo kwenye kona, ukungu umeziba, mimi nachungulia bondeni kila tukipinda natafuta rangi ya pikapu kati ya miti, sitaki kuiona na siwezi kuacha kutazama, Fundi macho kafumba, anasema, "Baba, lako kushoto mbele limeanza. Ko moja."

Yule dereva akasema, "Mzee, mbona unanitisha?"

"Likifika ko-ko usiendeshe."

Mimi nilikuwa nalia na nikacheka hapo hapo. Nikasema moyoni, masikio bado anayo, basi labda na mikono bado anayo. Halafu tukapinda kona nyingine, nikasahau kucheka.

Tulimkuta Lugarawa. Pikapu imeegeshwa kando ya barabara, imesimama kwa miguu yake minne, na Lameki amekaa kwa mama ntilie anakula makande. Anakula! Nilimfuata nikampiga kofi la bega, halafu nikamkumbatia, makande yote yakaenda kwenye shati lake.

"Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hujafa," nikamwambia. "Kaa kimya."

Fundi hakusalimia mtu. Akamwambia Lameki alete gari lipite juu ya mtaro wa barabara, gurudumu huku na gurudumu huku, mbolea bado iko nyuma, usishushe hata mfuko mmoja. Akaingia mtaroni kwenye matope na suruali yake ya kanisani. Nikapiga magoti pembeni nimwone. Akaniambia kutoka kule chini, taratibu, kama anamfundisha mtu, "Kwanza natazama kama imekazwa. Halafu nalegeza kidogo. Kama nilikaza likining'inia, nikilegeza mpira utaruka. Kama nilikaza vizuri, utakaa kimya."

Akaweka spana. Akavuta. Haikwenda. Akaweka miguu kwenye ukuta wa mtaro, akavuta kwa mgongo wote, kri. Nikaziba macho. Nilitegemea niusikie ule mpira. Nilisikia maji ya mtaro tu.

Akakaza tena. Akahamia upande wa pili. Kri. Kimya.

Alikaa kule chini muda mrefu bila kutoka. Lameki akainama. "Fundi? Imelegea?"

"Imekazwa," akasema.

"Zote?"

"Zote. Likiwa na uzito."

Lameki akapiga makofi. "Sasa si vizuri, Mzee! Ndiyo maana jana nilikuta matofali yamejaa kwenye bodi, nikajiuliza nani ameyapakia. Si wewe! Uliyaweka ya uzito, nikayashusha mimi."

Fundi alitoka mtaroni, matope mpaka kidevuni. Akamtazama Lameki, akatazama mikono yake. "Matofali," akasema. "Mengi?"

"Mengi, Mzee. Yamepangwa vizuri."

"Nani alinisaidia kupakia?"

Hakuna aliyejua. Mimi hapo ndipo woga wa tangu asubuhi ulipotoka kwa mwanangu, sikuuona unakwenda wapi, mara nikauona umemkalia Fundi. Nikampangusa uso kwa ncha ya kitenge kama ninavyompangusa mtoto. Akaniacha nimpanguse.

Yule wa teksi tulimwachia arudi taratibu na ko yake. Lameki alimwomba mwenye mbolea wa Mawengi amwelewe, akaishusha pale kwa mtu anayemwamini, atairudia kesho. Tukapanda pikapu wote watatu kurudi Njombe, Lameki kwenye usukani, Fundi katikati, mimi mlangoni. Redio niliizima mwenyewe.

Mwanzo alifumba macho. Tulipoanza kupanda mlima nikaona ameyafumbua. Anatazama barabara. Ukungu ulikuwa umeinuka, mashamba yanaonekana mpaka kule ng'ambo. Kichwa chake kikainama upande, kama anavyofanya. Anasikiliza. Kona moja, kona ya pili.

"Mama Lameki."

"Naam, Fundi."

"Hili gari limetulia sana mbele. Nani anawatengenezea?"

Lameki akageuka kunitazama. Nikamkazia macho, atazame mbele.

"Kuna fundi mmoja," nikasema. "Wa Makambako."

"Namfahamu?"

"Mnafahamiana kidogo."

Tukapita tuta, gari likashuka, likapanda, halikulia.

"Msimwache huyo," akasema. "Anaogopa."